Sikio la Kupimia Riali

Mfaransa alipotangaza kwamba riali za Sultani zimekwisha kazi, na kila aliye nazo azilete apewe karatasi, watu wa mji wetu wa Sefrou, huku Moroko, walicheka siku mbili. Siku ya tatu wakaanza kupanga foleni. Ndivyo tulivyo. Tunacheka kwanza, kisha tunatii, kisha tunamlaumu jirani kwa kututangulia kutii.

Mimi waliniweka mezani. Naitwa Bennasser, na kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa mbadilisha fedha katika kibanda changu karibu na daraja. Kazi yangu ilikuwa masikio. Riali ya fedha safi ukiidondosha juu ya marumaru hulia, na mlio wake hukawia kidogo hewani kabla ya kupotea. Yenye bati au risasi tumboni hutoa kishindo kifupi, basi. Wenzangu walipima kwa mizani, wengine kwa meno. Mimi nilikuwa nageuza uso ukutani, mtu anadondosha ishirini, moja moja, nami nasema ya saba mbaya na ya kumi na nne ina shaka. Watu walikuwa wakiwaleta wageni wao kuja kunitazama, kama anavyoonyeshwa mbuzi wa miguu mitano.

Kwa hiyo Kapteni aliposema kila sarafu ipimwe kabla ya kuingia guniani, mji mzima ulininyooshea kidole. Nami nikakubali. Kosa langu lianzie hapo, nalitaja mapema ili nisionekane nalificha tena: nilikubali hali nikijua kwamba sisikii.

Miaka miwili nyuma, mwaka ule wa mwisho wa vita vya Wazungu, homa ilipita kila nyumba. Iliniangusha mimi kwanza. Nilipoinuka, sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto lina mvumo ndani yake usiokoma, kama mto wetu theluji ya mlimani inapoyeyuka. Nilidhani litapona, sikumwambia mtu. Siku mbili baadaye homa ikamshika mwanangu Maati, wa pekee, miaka kumi na tisa, amebakiza miezi minne kuoa. Siku ya tatu tukamzika.

Sikulia. Watu walisema Si Bennasser, ndivyo kwetu tunavyosema Bwana, ana subira, Mungu amemjalia. Haikuwa subira. Mtu akiulalia mkono wake usiku kucha, akiamka akaushika anaona kama kashika nyama ya mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na roho pia. Nilikula, niliswali, nilifungua kibanda, nilifunga kibanda. Mtu angeniambia paa linaungua ningeuliza kama chai imeiva.

Ukimya wangu waliuita majonzi, wakaniacha nao. Aliyesema nami uso kwa uso nilimsoma midomo, na sikio la kushoto likaokota mawili matatu. Kibandani nikaanza kutumia mizani, nikisema wateja wa siku hizi hawaamini mpaka waone. Mke wangu Tamou naye alinyamaza. Tangu siku ya mazishi aliniwekea chakula, alinifulia, alinitandikia, na neno hakusema nami ila la lazima kabisa. Nilidhani ni huzuni yake, kila mtu ana yake. Na nikisema kweli, ilinifaa. Mke asiyesema nawe hawezi kujua kama u kiziwi.

Meza yetu ilikuwa katika ghala la ngano nje ya lango. Kulia kwangu alikaa karani, Mualgeria mwenye miwani, ndiye anayehesabu noti. Kushoto, upande wa sikio langu lenye nafuu, niliomba akae Bouchta, askari mzee mwenye mkasi wa kukatia mabati. Kapteni alikuwa nyuma na kiko chake, anatazama magunia. Amri ilikuwa nyepesi: Bennasser akisema "safi," riali inaingia guniani na mwenyewe anapewa karatasi. Akisema "bati," Bouchta anaikata vipande viwili ili isirudi tena mezani, na mwenyewe anarudishiwa vipande vyake. Vipande hivyo sonara hununua, kwa bei ya takataka.

Siku ya kwanza nilijua nitafanyaje. Niliweka ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto juu ya marumaru, kama mtu aliyejipumzisha, na nikadondosha sarafu kwa mkono wa kulia. Riali safi ilitetemesha jiwe, kidole kikapata kitu mfano wa mdudu anayetembea. Mbaya haikutoa kitu. Asubuhi yote nilikwenda hivyo, na nadhani sikukosea sana. Hata nilijisifu kidogo.

Kuna mtu wa mlimani, wa kabila la Ait Youssi, alimwaga kifuko chake mbele yangu akasema kwa sauti ya watu wote, "Ami Bennasser, hizi nimelala nazo kitanda kimoja miaka sita. Usije ukaniambia ni haramu."

"Riali au mkeo?" akauliza Bouchta.

"Mke nina cheti chake."

"Basi mlete tumpime naye, huenda ana bati."

Watu walicheka. Niliona vifua vinatikisika, nami nikacheka, nimechelewa kidogo. Bouchta aliyarudia yote sikioni mwangu baadaye, maana alipenda sana utani wake mwenyewe.

Walionitia hofu walikuwa wanawake. Mwanamke aliyejifunika haiki, shuka ile nyeupe toka kichwani hadi miguuni, ameubana ukingo wake kwa meno na jicho moja tu nje, hana midomo ya kusomwa. Wao nilijifanya siwatazami, kwa adabu. Nilitazama mikono yao tu inapoweka fedha, kisha sarafu, kisha mikono inapoondoka. Sikumjua hata mmoja ni nani.

Siku ya tatu alikuja Yamna, bibi anayeosha sufu mtoni. Yeye kwa umri wake hafuniki tena uso. Alileta riali kumi na moja alizokuwa amezizamisha ndani ya mtungi wa samli ya kale, mahali ambapo hata mwizi mwenye njaa hatii mkono. Zilikuwa zinateleza na kunuka. Karani aliziba pua.

"Nataka punda, mwanangu," Yamna aliniambia. "Mgongo umenigomea. Sufu ikilowa ni nzito kuliko maiti."

Nikadondosha ya kwanza. Kidole changu kilikuwa kimeshika mafuta, jiwe lina mafuta, hakikupata kitu. Nikasema bati. Bouchta akakata. Ya pili, bati. Kati ya kumi na moja, saba nilizisema bati, na zile nne nilizozisema safi nilizisema kwa sababu nilichoka kusema bati. Sikuzifuta. Mtu mwenye masikio hahitaji kufuta sarafu. Mtu angeniona nazifuta angejua.

Yamna alivitazama vipande. "Rudia hii moja tu, mwanangu. Isikilize tena."

"Nimesikia, mama."

"Basi," akasema, na akavikusanya kwa ncha ya nguo. "Kama ni wewe umesema, basi."

Jioni yake alinijia Makhlouf, sonara wa mtaa wa Wayahudi, mtu niliyefanya naye kazi tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Alinikuta nafunga kibanda. Hakusalimu. Alinifungua kiganja, akaweka nusu ya riali.

"Itazame tumboni," akasema.

"Naitazama."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe. Hiyo ya Yamna. Mwenzake nimeshamyeyusha, fedha tupu, hata risasi ya kutilia dawa hakuna. Nilimlipa bei ya taka, mimi mpumbavu, halafu nilipoona nikamfuata mtoni nimwongezee. Unajua aliniambia nini? Makhlouf, usinichezee, Bennasser amesema ni bati."

Akanikaribia zaidi, midomo yake naiona vizuri.

"Umehongwa?"

"Na nani?"

"Sijui. Na mimi, pengine, maana mimi ndiye ninayefaidi. Nina vipande arobaini dukani na kila nikigeuza ni vyeupe. Usiku nitavitazama nijione mwizi. Si Bennasser, ondoka pale mezani. Sema mgongo. Sema tumbo, tumbo halina shahidi. Nani atakuuliza?"

"Nitaona."

"Utaona nini?"

"Nimesema nitaona."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akachukua kipande chake na kuondoka.

Nilikwenda nyumbani. Nilikunywa shurba yangu ya shayiri, nikaomba nyingine. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa aibu kubwa kuliko mkasi wenyewe, kwamba niliomba nyingine. Nilijaribu kumfikiria Yamna na mgongo wake, nikamwona kama unavyomwona mtu ng'ambo ya mto, mdogo, anafanya mambo yake. Nilijua ni dhambi. Kujua nilijua. Haikunigusa.

Na kuondoka mezani kulikuwa na shida yake. Ningeondoka, wangeuliza sababu. Wakijua sababu, kila aliyekatiwa angekuja na vipande vyake mlangoni kwangu, na mji uliokuwa unaleta wageni kunitazama ungeleta wageni kunicheka. Kapteni naye alikuwa ananisifu. Mwingine angepitisha kila kitu, alimwambia karani, huyu mzee ni mkali. Basi nikaendelea, siku ya nne, ya tano, ya sita. Ngozi ya kidole ilikuwa imechubuka, kisha ikafa ganzi. Jiwe likawa jiwe tu. Nikawa nakisia. Nyingi nikizisema safi, naona Kapteni ananyanyua macho. Basi natupia bati mbili tatu. Mwenye sura ya ujanja nilimkatia. Mwenye sura ya wema nilimpitisha, nikikumbuka. Wenye haiki hawakuwa na sura.

Siku ya nane, ambayo ilikuwa siku moja kabla ya ile ya mwisho, foleni ilifika hadi kwenye kuta za makaburi. Baada ya adhuhuri mwanamke mwenye haiki aliweka mbele yangu kitambaa, akakifungua. Riali thelathini, zimesuguliwa kwa majivu zikang'aa. Niliiona mikono yake, mikavu, haina hina. Nikaanza. Safi. Bati. Bati. Mwanamke hakuondoka wala hakusogea. Wengine hulalamika, huvuta sarafu, hukamata mkono wa Bouchta. Huyu alisimama tu. Mara moja Bouchta aligeuka akanitazama kwa namna fulani, nikafikiri ananihimiza, nikaongeza mwendo. Bati. Safi. Bati. Mkasi ulikuwa umeanza kuwa butu, na Bouchta alilazimika kutumia mikono yote miwili. Nilipomaliza, vipande vilikuwa rundo. Karani akamhesabia noti zake chache. Alizikunja pamoja na vipande katika kitambaa, akaondoka, na nyuma yake kulikuwa na mtu na mbuzi.

Nitasema kwanza ya kesho yake, maana si marefu, kisha nirudi jioni ile.

Kesho yake, siku ya mwisho, nilisimama mbele ya meza badala ya nyuma yake, nikasema kwa sauti, ambayo sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, kwamba mimi ni kiziwi, kwamba nimekata fedha safi za watu, na asiniletee mtu tena. Watu walicheka. Mtu mmoja alinipigapiga begani. Karani alimfasiria Kapteni, na Kapteni akatoa kiko mdomoni akasema kitu, na karani akaniandikia kwenye kipande cha karatasi kwa Kiarabu: anauliza unataka nyongeza kiasi gani. Nilipokataa kukaa walileta mizani. Mizani ni polepole. Jua lilipozama nusu ya foleni ilikuwa haijafikiwa, na watu wa mlimani walirudi kwao na riali ambazo tangu saa ile hazikuwa pesa tena. Kwa hiyo hata ukweli wangu uliwatia watu hasara. Nilikwenda pia mtoni kwa Yamna. Nilimwambia midomo kwa sikio, mimi sasa ndiye ninayepiga kelele, kwamba fedha yake ilikuwa safi. Aliacha kukanyaga sufu akanitazama kwa huruma. "Usijiaibishe kwa ajili yangu, mwanangu," akasema. "Ilikuwa bati." Akaendelea kukanyaga. Punda hakumpata.

Sasa jioni ile.

Niliingia nyumbani kabla ya magharibi. Tamou alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, na mbele yake sahani kubwa ya kuskusi, ile ya wageni, imefunikwa. Nikaketi. Akafunua. Hakukuwa na kuskusi. Vilikuwa vipande vya riali, vyeupe tumboni vyote, na noti za Kapteni kando yake.

"Nani kakupa hivi?" nikauliza.

Alinyoosha mkono akanishika kidevu, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka miwili, akaninyanyua uso mpaka nikamtazama midomo. Ndipo nikajua kwamba anajua.

"Umenipa wewe," akasema, polepole. "Mimi ndiye niliyesimama mbele yako leo."

"Hizi..."

"Ni za Maati. Za harusi yake. Ulizichagua mwenyewe, umegeuza uso ukutani pale, na yeye ndiye aliyekuwa anazidondosha. Mlikataa tano. Alikuwa anakuchanganyia makusudi aone kama utakosea. Hukukosea."

Nilizijua basi. Nilichukua kipande, nikakirudisha.

"Ungejitambulisha, Tamou."

"Nilikuita. Mara tatu, jina lako, tena si kwa kunong'ona. Yule wa mkasi alinisikia. Aligeuka akakutazama, hata akaona haya kwa niaba yako."

"Ungenishika mkono."

"Sikuja kukushika mkono. Nilikuja kujua."

"Kujua mumeo kiziwi? Ungeniuliza hapahapa, ingekuwa bure. Riali kumi na tisa umeniacha nizikate."

"Hapa ungenidanganya. Ungesema uzee, ungesema umechoka. Mke wa Makhlouf aliponiambia fedha zinazokatwa ni nyeupe, nilisema, Bennasser akikosea fedha, basi hasikii kweli. Kwa fedha huwezi kusema uongo. Sikuwa na kitu kingine cha kukupimia." Akajifuta midomo kama mtu anayetaka iwe safi kwa neno linalofuata. "Tangu lini?"

"Tangu homa."

"Homa yako au yake?"

"Yangu."

"Kabla yake?"

"Kabla yake. Siku mbili."

Tamou alijiziba mdomo kwa mkono. Nilimwambia autoe, nilikuwa sioni anachosema. Alipoutoa hakuwa anasema chochote, ila midomo ilikuwa inatetemeka. Nilingoja. Kungoja ndicho kitu pekee nilichokuwa nakijua vizuri.

"Usiku wa pili alianza kukuita," akasema mwishowe. "Hakuniita mimi, alikuwa nami. Alikuita wewe. Nilisimama pale juu ya ngazi nikasema, Bennasser, mtoto anakuita. Ulikuwa umekaa hapa, mbele ya makaa, macho umefungua. Hukugeuka. Nikasema tena. Ukachukua kijiti ukachochea makaa."

Nilikumbuka makaa. Nilikumbuka jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, na kwamba nilishukuru, nikidhani mtoto amepata usingizi.

"Nikasema moyoni, anaogopa. Ametoka kwenye homa juzijuzi, hataki irudi, mtoto na afe na mama yake. Nikarudi nikamwambia, baba amelala. Akaniambia, hapana, mama, hajalala, namsikia anachochea moto."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa sahani.

"Akaendelea kukuita hadi alfajiri. Mimi sikushuka tena kukuambia. Nilisema hastahili kuambiwa mara ya tatu. Miaka miwili, Bennasser, nimekupikia nakuchukia. Kila siku. Nilikuwa nakutazama unakula nikisema, huyu alimsikia."

"Sikumsikia."

"Najua sasa."

"Tamou, sikumsikia."

"Najua. Nimelipa nijue."

Iliniuma. Nasema hivyo tu, kwa sababu sikuwa nimeumwa tangu siku ile na sikujua mahali pa kushika. Niliinama juu ya vile vipande, na sauti iliyotoka kwangu sikuisikia, niliihisi kifuani tu na kooni, na Tamou alinishika kichwa kwa mikono yake yote miwili. Alinishikilia mpaka nikaweza kuinua uso.

"Alikuwa akiniita vipi?" nikamuuliza.

Akasogea mpaka magoti yetu yakagusana, uso wake mbele ya uso wangu, akasema kama alivyosema mtoto. Midomo yake ilikutana, ikafunguka, ikakutana tena, ikafunguka. Sauti sikuipata hata kidogo. Nikamwomba aseme tena. Akasema. Nikamwomba tena, na tena, na hakunikatalia.